Wakili ajibu: Jowie alihukumiwa kifo, mbona hanyongwi?

Swali: Wakili, shikamoo. Hapa kwetu Likoni tunabishana tangu Jowie ahukumiwe kifo katika kesi ya mauaji ya Monica Kimani. Shemeji yangu ashikilia kwamba Mahakama ya Juu ilishaifuta adhabu ya kifo, kwa hiyo jaji alikosea. Mama mkwe asema aliyeua naye auawe, mambo yaishe. Jirani yetu wa kutoka Tanga atuambia kwao jaji hana la kuchagua, ni kamba tu. Mimi naona yote ni maneno matupu, maana hakuna anayenyongwa. Nani mkweli kati yetu? Nawe waonaje? Halafu, kama una nafasi: kuna kijana wa jirani yuko rumande Shimo la Tewa kwa wizi wa mabavu. Wanadai yeye na mwenzake walimnyang'anya mtu simu wakiwa na kisu. Amemaliza kidato cha nne mwaka jana tu. Huyo hawezi kufika huko kwenye kifo, sivyo? – Msomaji, Likoni

Jibu: Marahaba, dada. Jirani wa Tanga yuko sawa. Wewe uko sawa nusu, na shemeji amesikia nusu ya habari. Mama mkwe hakuuliza sheria, aliuliza haki, na hayo ni mambo mawili ambayo hukutana siku za sikukuu tu. Lakini swali zito kuliko yote umeliweka mwisho, kama mtu anayeuliza bei ya ndimu akiwa ameshapiga hatua mbili kutoka gengeni. Nitalifikia, wala usiruke mbele, kwa sababu jibu lake limejengwa juu ya haya mengine.

Tuanze na kesi yenyewe, maana wengi wanaibishania kwa kumbukumbu za runinga. Monica Kimani alikuwa mfanyabiashara kijana aliyekuwa na shughuli zake Juba, Sudan Kusini. Septemba 2018 alikutwa ameuawa nyumbani kwake mtaa wa Kilimani, Nairobi, amefungwa mikono na kukatwa koo. Walioshtakiwa ni wawili: Joseph Irungu, huyo Jowie, na aliyekuwa mchumba wake, mtangazaji Jacque Maribe. Sura ya mtangazaji kizimbani ndiyo iliyoifanya kesi kuwa ya nchi nzima. Kuna mauaji mengi Kenya ambayo hata faili lake halijulikani liko kabati gani. Hili lilifuatwa hatua kwa hatua kwa miaka mitano na nusu, na kila mtu kwenye matatu akawa jaji. Februari 9, 2024 Jaji Grace Nzioka wa Mahakama Kuu alimtia Jowie hatiani na kumwachilia Maribe. Machi 13 akasoma adhabu: kifo.

Tazama hizo tarehe mbili. Kati ya Februari 9 na Machi 13 kuna zaidi ya mwezi mmoja. Wakati huo afisa wa probesheni alikwenda kuuliza mshtakiwa ni mtu wa namna gani, familia ya marehemu ilipata nafasi ya kueleza ilivyoumia, na mawakili wa utetezi waliomba mteja wao ahurumiwe. Miaka kumi nyuma mwezi huo usingekuwapo. Na hapo ndipo shemeji yako alipopotea njia.

Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaeleza mauaji ni nini, na cha 204 kinasema mwenye hatia atahukumiwa kifo. "Atahukumiwa" hilo lilikuwa kama pingu kwa jaji. Ukimkuta mtu na hatia, umemaliza. Awe aliua kwa kukodiwa au aliua mume aliyempiga miaka kumi, adhabu ni moja. Nazikumbuka siku hizo. Jaji angeuliza, "Wakili, una lolote la kusema kabla sijatoa adhabu?" nawe ungesimama, uinamishe kichwa, useme mteja wako ana watoto wadogo, huku wewe, jaji, karani na askari jela aliyesinzia pembeni mkijua maneno hayo hayana pa kwenda. Mawakili wengine walikuwa hawasemi kitu. Wangesema nini?

Desemba 14, 2017 Mahakama ya Juu ikaamua rufaa ya Francis Karioko Muruatetu na mwenzake, waliokuwa wamehukumiwa kifo kwa mauaji. Majaji walisema kumlazimisha jaji atoe kifo bila kupima hali ya mtu na kosa lake ni kumnyima mtu huyo kesi ya haki, kwa kuwa kutoa adhabu nako ni sehemu ya kesi. Wakataja mambo ya kutazamwa: umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, tabia yake, kama alitenda akiwa anajibu ukatili wa kijinsia, kama anajuta, kama anaweza kurekebika.

Kilichofutwa ni ulazima. Adhabu yenyewe ilibaki pale pale. Katiba ya 2010, ibara ya 26, inalinda uhai lakini inaacha mlango: mtu asinyimwe uhai kwa makusudi isipokuwa kwa kadiri inavyoruhusiwa na Katiba yenyewe au sheria nyingine iliyoandikwa. Kwa hiyo jaji wa leo ana ngazi nzima mbele yake, kuanzia kifungo cha miaka kadhaa, kupanda kifungo cha maisha, hadi kifo. Jaji Nzioka alipanda hadi kidato cha juu. Aliona mauaji yale yalikusudiwa, yakafanywa kwa ukatili, na aliyeuawa hakuwa na kosa. Unaweza kukataa uamuzi wake, na ndiyo kazi ya rufaa, lakini huwezi kusema alivuka mpaka wa sheria.

Ninachotaka shemeji akione ni hiki: kabla ya 2017 hukumu ya kifo ilitolewa na sheria, jaji akiwa mdomo tu. Sasa inatolewa na mtu. Ndiyo maana hasira za watu, za wanaoipenda na wanaoichukia, zimehama kutoka Bungeni zikamwangukia jaji mmoja. Mwaka 2018 Ruth Kamande, binti wa miaka ya ishirini na kitu, alipohukumiwa kifo kwa kumchoma kisu mpenzi wake, kelele zilikuwa hizohizo, na Amnesty International wakapinga. Hukumu ile ilitolewa baada ya Muruatetu. Jaji alikuwa na hiari, akachagua kifo.

Sasa kwako wewe, unayesema ni maneno matupu.

Mara ya mwisho serikali ya Kenya kumnyonga mtu ilikuwa 1987. Walionyongwa ni askari wa jeshi la anga wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, akiwamo Hezekiah Ochuka, ambaye mambo yalipoharibika alipanda ndege hadi Tanzania akidhani amepona, akarudishwa. Tangu hapo mahakama zimeendelea kutoa kifo na magereza yakaendelea kupokea watu wa kifo, lakini kamba haijafunguliwa. Kila baada ya muda Rais anabadilisha: Kibaki mwaka 2009 aliwatoa zaidi ya watu 4,000 kwenye kifo akawapa maisha. Uhuru Kenyatta mwaka 2016 akafanya hivyohivyo kwa watu 2,747. Julai 2023 William Ruto akawafuata na waliohukumiwa kabla ya Novemba 2022. Jowie kahukumiwa baada ya hapo, kwa hiyo hamo kwenye kundi lolote. Muruatetu mwenyewe, alipokuwa anabishana na adhabu ya kifo mbele ya majaji, alikuwa ameshageuziwa kuwa maisha na Kibaki miaka minane nyuma.

Basi uko sawa kwamba hanyongwi mtu. Ulipokosea ni hapo kwenye "matupu". Kwanza, aliyehukumiwa kifo hana tarehe. Mfungwa wa miaka kumi huhesabu siku, huweka alama ukutani, hujua mwaka gani mtoto atamaliza shule naye atoke. Wa kifo hana cha kuhesabu. Niliwahi kumtembelea mteja gereza kuu, miaka mingi sasa, akaniambia kinachomsumbua si kamba, ni kusikia funguo zikilia saa ambayo si ya chakula. Alikuwa anajua kabisa, kwa akili, kwamba hakuna aliyenyongwa tangu yeye yuko darasa la tatu. Mwili wake haukuwa unajua.

Pili, kitanzi kilichotundikwa hakijakatwa. Machi 2024, mwezi uleule Jowie alipohukumiwa, serikali ya Kongo mjini Kinshasa ilitangaza kwamba inarudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo baada ya kuusimamisha tangu 2003. Miaka zaidi ya ishirini watu walijiambia ni maneno matupu. Waraka mmoja tu ukatosha. Rwanda ilifuta kabisa mwaka 2007 na Burundi 2009. Huko hakuna waraka wa waziri unaoweza kurudisha. Kenya hatujafuta. Tumeacha tu, na kuacha ni hisani ya aliye madarakani.

Na huko kwenye "maisha" wanakohamishiwa, nako kuna utata wake ambao mitandaoni hamna anayeupigia kelele. Maisha ni miaka mingapi? Sheria yetu haisemi. Julai 2023 Mahakama ya Rufaa iliyokaa Malindi, kwenye rufaa ya Julius Kitsao Manyeso (kosa lake halikuwa mauaji), ilisema kifungo kisicho na mwisho ni cha kikatili na kuweka miaka 40 badala yake. Miezi michache baadaye majaji wa Mahakama hiyohiyo ya Rufaa, Kisumu, wakasema maisha ni miaka 30. Kwa hiyo kwa muda fulani maisha yalikuwa marefu zaidi Pwani kuliko ziwani! Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikaitengua ile ya Malindi: kazi ya kuweka idadi ya miaka ni ya Bunge, si ya majaji. Bunge nalo unalijua.

Nimekaa hapo kidogo kwa sababu ndipo lilipo jambo langu. Tunabishana kwa jasho kuhusu kamba isiyotumika, na hatubishani kuhusu adhabu ambayo mtu ataitumikia kweli. Familia ya marehemu inatoka mahakamani ikiamini muuaji atakufa. Familia ya mfungwa inatoka ikilia kana kwamba imeshafiwa. Baada ya miaka saba, kumi, wote wawili wanasikia redioni kwamba imekuwa maisha, na hakuna aliyewaita kuwaeleza. Mimi naliona hilo ni kuwahadaa watu wawili kwa karatasi moja.

Mama mkwe. Nampa heshima yake, kwa kuwa anayesema "aliyeua auawe" mara nyingi si mtu katili, ni mtu aliyejiweka kwenye viatu vya mama wa marehemu. Kama hoja yake inatoka kwenye dini, basi mkumbushe kwa upole kwamba kisasi cha sharia ya Kiislamu kina milango mitatu: warithi wa aliyeuawa wanaweza kudai kisasi, wanaweza kupokea dia, yaani fidia ya damu, wanaweza kusamehe, na kusamehe kumesifiwa. Haki ni ya warithi. Kwa sheria ya Kenya mauaji ni kosa dhidi ya Jamhuri, na familia haiamui. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 imewapa sauti tu, wasikilizwe kabla ya adhabu. Mwaka 2013 kuna jaji wa Mahakama Kuu Nairobi aliyekubali shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili za Kiislamu kupatana kwa mila na dini, na fidia ikalipwa, ngamia wakiwamo. Wanasheria tulibishana juu ya kesi ile kama mnavyobishana nyinyi juu ya Jowie. Wapo tuliosema mwenye mali atakuwa ananunua roho za watu. Sijaona mlango ule ukifunguliwa kwa upana tena.

Ama hoja kwamba kamba inawatia watu hofu wasiue, hiyo naikataa. Anayeua kwa hasira hafikirii kitu. Anayeua kwa mpango anafikiria kitu kimoja tu: nitashikwa? Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipofuta adhabu hii mwaka 1995 ilisema jambo hilohilo, kwamba kinachozuia uhalifu zaidi ni uwezekano wa kukamatwa, kushtakiwa na kuadhibiwa. Nakuuliza wewe uliyekaa Likoni: mauaji mangapi ya mtaani kwenu katika miaka hii kumi yalifika mbele ya jaji? Jibu unalo, mimi silihitaji.

Jirani wa Tanga mwambie hakukosea hata chembe. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kina lile "atahukumiwa" la zamani. Mwenye hatia ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa, na wanaoepuka ni mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18. Juni 2025 Mahakama Kuu ilipowakuta na hatia maofisa wawili wa polisi wa Mtwara kwa kumuua kijana mfanyabiashara wa madini, watu walisema jaji kawa mkali. Jaji hakuwa mkali wala mpole. Alipotamka "hatia", adhabu ilikuwa imeshajiandika.

Na historia ya Tanzania katika jambo hili ina utamu wake, kwa sisi tunaopenda sheria. Mwaka 1994, katika kesi ya Mbushuu, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Dodoma alithubutu kusema adhabu ya kifo ni ya kikatili na inapingana na Katiba, akawapa wale washtakiwa maisha. Mahakama ya Rufani mwaka uliofuata ikasema jambo ambalo hadi leo nikilisoma natikisa kichwa: naam, ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini Katiba inaruhusu kwa maslahi ya umma. Ikarudisha kifo. Mwaka huohuo wa 1994 ndio wa mwisho mtu kunyongwa Tanzania. Septemba 2017 Rais Magufuli, akimwapisha Jaji Mkuu, alisema hadharani wasimpelekee majina ya watu wa kunyonga, hawezi. Sheria inamlazimisha jaji atamke kile ambacho Rais anakataa kukitekeleza.

Kisha kuna Arusha. Novemba 28, 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapohapo Tanzania, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi, na kunyonga kwenyewe kunadhalilisha utu, na ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwezi huohuo Tanzania ilikuwa imeshapeleka barua ya kujiondoa katika utaratibu unaowaruhusu raia kuishtaki moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Kifungu cha 197 kikabaki kama kilivyokuwa. Kutoka Tanga mjini hadi Likoni si safari ya siku nzima, lakini jaji wa upande ule na wa upande huu hawafanyi kazi moja.

Waganda walitutangulia sote. Januari 2009 mahakama yao ya juu iliamua kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya mia nne: ulazima ukafutwa, na aliyekaa miaka mitatu kwenye kifo bila kunyongwa ageuziwe maisha. Kigula mwenyewe, aliyehukumiwa kwa kumuua mume wake, alirudishwa mbele ya jaji akapewa miaka 20, akasomea sheria akiwa ndani kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha London, na Januari 2016 akatoka. Wangemnyonga, leo angekuwa mfupa kwenye uwanja wa gereza la Luzira. Simtaji ili kukulainisha. Namtaja kwa sababu kwenye ile orodha ya Muruatetu, "kama anaweza kurekebika" ndicho kipengele ambacho watu hukicheka zaidi.

Umeniuliza naonaje. Naipinga adhabu ya kifo, na niliipinga hata pale ambapo mke wangu hakutaka kunisikia. Sababu yangu si huruma kwa wauaji. Nimeona polisi wakipeleleza. Nimeona shahidi akimtambua mtu aliyemwona usiku, sekunde nne, chini ya taa ya kioski, kisha Mahakama ya Rufaa ikamwachilia mtu huyohuyo baada ya miaka tisa. Miaka tisa hairudishwi, lakini angalau yeye mwenyewe alirudi. Jowie alikuwa na mawakili wazuri na kamera zilizomtazama kila mtu, jaji hadi karani. Kwa kesi ya namna hiyo uwezekano wa kosa kupita bila kuonekana ni mdogo. Adhabu ya kifo, ikiwapo, haiwekwi kwa ajili ya kesi za kamera. Inawekwa kwa ajili ya wote.

Na hapo ndipo tunafika kwa kijana wako.

Jibu ni kwamba anaweza. Kifungu cha 296(2) kinasema anayeiba kwa nguvu akiwa na silaha ya hatari, au akiwa pamoja na mwenzake mmoja au zaidi, au akimjeruhi mtu, atahukumiwa kifo. Tazama hizo "au". Hazihitajiki zote, moja inatosha, na mashtaka dhidi ya kijana huyu yana mbili, kisu na mwenzake. Thamani ya kilichoibwa haiangaliwi. Simu ya kubonyeza na gunia la dhahabu ni mamoja.

Lakini si kesi ya Muruatetu ilifuta ulazima? Hilo ndilo kila mtu alidhani. Kati ya 2017 na 2021 wafungwa wa wizi wa mabavu walimiminika Mahakama Kuu kuomba wapimwe upya, na wengi walipunguziwa, wengine walitoka. Julai 6, 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo: uamuzi wetu ulihusu mauaji chini ya kifungu cha 204, basi. Wa makosa mengine wapeleke kesi zao zianze chini. Kwa hiyo leo, dada, aliyemuua mtu ana haki ya jaji apime umri wake na majuto yake, na aliyenyang'anya simu kwa kisu bila kumkwaruza mtu anakutana na "atahukumiwa kifo" lile la kale. Hakimu mmoja mmoja huona aibu na kutafuta upenyo, lakini hiyo si haki ya kuitegemea.

Kuna na lingine. Kesi ya mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, na mshtakiwa asiye na wakili hupangiwa kwa gharama ya serikali. Wizi wa mabavu husikilizwa kwa hakimu, na huko nimeona vijana wakisimama peke yao, wakimhoji polisi kwa maswali mawili kisha wakakaa. Ibara ya 50 ya Katiba inampa haki ya wakili wa serikali pale ambapo bila wakili atapata dhuluma kubwa. Kesi inayobeba kifo ni ya namna hiyo kabisa. Aiombe siku ya kwanza akisimama mbele ya hakimu, kwa sauti, iandikwe kwenye jalada. Ikikataliwa, kukataliwa huko nako kuandikwe.

Wakili akipatikana, la kwanza azungumze na upande wa mashtaka kuhusu kushusha shtaka. Makubaliano ya kukiri kosa dogo yapo kisheria, na wizi wa nguvu wa kawaida, kifungu cha 296(1), mwisho wake ni miaka 14, na hakimu ana hiari ya kwenda chini zaidi. Hilo ni kama ushahidi una nguvu. Kama umesimama juu ya mtu mmoja kumtambua gizani, msikiri chochote. Mwambieni pia asitie saini karatasi yoyote ya "maelezo" rumande bila wakili kuisoma. Na wazazi waache kwenda kumwona mlalamikaji nyumbani na bahasha. Nimeona hilo likigeuka shtaka la pili.

La mwisho nimelisoma kwenye barua yako mara tatu. Umesema amemaliza kidato cha nne mwaka jana. Vijana wengi humaliza wakiwa na miaka 17 au 18. Sheria yetu hairuhusu hukumu ya kifo kwa mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 siku ya kosa, na Sheria ya Watoto ya 2022 inataka kesi yake iendeshwe kwa njia tofauti kabisa, wala hakupaswa kuwekwa pamoja na watu wazima. Siku inayohesabiwa ni ya tukio, si ya hukumu. Polisi mara nyingi huandika "mtu mzima" kwa kumtazama urefu. Kwa hiyo kabla ya wakili, kabla ya kitu chochote, mwende kwa mama yake mkatafute cheti cha kuzaliwa. Kama kimepotea, kadi ya kliniki au sajili ya shule ya msingi itawasaidia kuanza, na mahakama inaweza kuagiza daktari apime umri wake. Mjue alizaliwa mwezi gani kabla kesi haijatajwa tena.